KABLA YA KULAUMU DAFTARI LA KANISA

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa yatima akalelewa katika nyumba za jamaa zake, pamoja na aali zake, sahaba zake na kila anayefuata nyayo zao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani,

Katika misikiti ya Mkuyuni, na kwa majirani zetu wa Igogo na Butimba, kuna lawama iliyozoeleka barazani baada ya swala ya Ijumaa. Inasemwa kwamba watoto wa Kiislamu wameandikishwa katika vituo vya huduma ya mtoto vinavyoendeshwa na makanisa. Kwamba Jumamosi, wakati wenzao wako madrasa, wao huenda kunywa uji, kucheza na kuimba nyimbo za dini isiyokuwa ya wazazi wao. Na kwamba picha zao zimepelekwa Ulaya na Marekani kwa wafadhili wasiowajua. Lawama huishia hapo hapo barazani. Watu husikitika, hutikisa vichwa, huvaa viatu vyao na kutawanyika.

Hatusemi kwamba lawama hiyo haina msingi. Tunasema kwamba haijakamilika, na lawama isiyokamilika ina hatari yake, kwa kuwa humfanya mwenye kulaumu ajione ametekeleza wajibu. Makala hii inakusudia kuikamilisha. Tutaueleza mpango huo wa ufadhili kama ulivyo, bila kuuzulia. Tutataja tunachokipinga na hoja zetu. Kisha tutawageukia wenye mali miongoni mwa Waislamu wa mji huu, maana sehemu kubwa ya maneno haya inawahusu wao.

MPANGO WENYEWE NI UPI?

Kuchangisha fedha za mbali kwa ajili ya mtoto maskini si jambo la jana. Mwaka 1843 Askofu Mfaransa Charles de Forbin-Janson alianzisha chama cha Utoto Mtakatifu, kilichowataka watoto wa Ulaya watoe senti chache kila mwezi ili watoto wa China na nchi nyingine wakombolewe na kubatizwa. Fikra hiyo ilifika pwani yetu na baadaye katika nchi za maziwa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo wakiwakusanya waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto. Mapadre Weupe, ambao mwaka 1883 walifungua misheni ya Bukumbi hapa hapa Usukumani, nao waliwakomboa watoto katika misheni zao za nchi za maziwa na kuwalea katika dini yao.

Mashirika tunayoyasikia leo yalikuja baadaye. World Vision ilianzishwa mwaka 1950 na mhubiri wa Kimarekani Bob Pierce. Mwaka 1952 mhubiri mwingine wa nchi hiyo, Everett Swanson, alianza kuwachangishia yatima wa vita vya Korea, na kazi yake ndiyo iliyozaa shirika la Compassion International. World Vision iliingia Tanzania mwaka 1981 na Compassion mwaka 1999. Yana njia tofauti za kufanya kazi. World Vision huendesha miradi ya eneo zima, kama maji, kilimo na afya. Compassion hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali: kanisa ndilo linalowaandikisha watoto na ndilo linaloendesha kituo.

Utaratibu wake unafahamika. Mtoto huandikishwa, hupigwa picha, na habari zake fupi hupelekwa kwa watu wa nchi za mbali. Mtu mmoja huko humchagua na kutoa kiasi fulani kila mwezi. Fedha haziwekwi mkononi mwa mtoto. Hupitia kituoni na kugeuka kuwa sare, madaftari, matibabu, chakula na mafunzo. Mtoto na mfadhili huandikiana barua. Wenyewe hawafichi lengo lao. Compassion inatangaza waziwazi kwamba inawatoa watoto katika umaskini kwa jina la Yesu. Haimtaki mtoto awe Mkristo ndipo aandikishwe, lakini kufundishwa Injili ni sehemu ya mpango.

KILICHO CHA KWELI KISEMWE

Dini yetu inatuamuru kufanya uadilifu hata kwa tunaotofautiana nao, kwa hiyo tuanze na lililo jema. Mwaka 2013 wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walitoa utafiti kuhusu watu wazima waliokuwa wamefadhiliwa na Compassion utotoni katika nchi sita, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda. Walikuta kwamba waliofadhiliwa walisoma shule kwa muda wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu zaidi kuliko ambavyo wangesoma bila ufadhili huo, na kwamba nafasi yao ya kupata kazi ya mshahara ilikuwa kubwa zaidi.

Anayedhani kwamba vituo hivyo vinadanganya watu kwa pipi anajidanganya mwenyewe. Mtoto hulishwa kweli, hutibiwa kweli na husoma kweli. Mama mjane anayeponda kokoto chini ya mawe ya Mkuyuni, au anayekaanga samaki jioni kando ya barabara, anajua hesabu ya nyumba yake kuliko sisi. Anapompeleka mwanawe kwenye kituo, hajaiuza dini kwa bei rahisi kama baadhi yetu wanavyothubutu kusema. Amebisha hodi katika mlango uliofunguliwa. Swali la haki ni kwa nini milango mingine aliyoipita njiani, ikiwemo ya misikiti, ilikuwa imefungwa.

TUNACHOKIPINGA

Tukiisha kusema hayo, hatuoni haya kusema kwamba mpango huu una kasoro kubwa.

Kasoro ya kwanza ni kufungamanisha uji na mafundisho ya dini kwa mtoto ambaye hajafikia umri wa kupambanua. Mtoto wa miaka sita hajui tofauti baina ya anayempenda na anayemfundisha itikadi. Kwake mambo hayo mawili ni mkono mmoja. Mzazi naye hutoa ridhaa akiwa na njaa, na ridhaa ya mwenye njaa ina walakini. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 19, inamhakikishia kila mtu uhuru wa dini. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitambua katika kifungu cha 14 haki ya mtoto ya kuwa na dini pamoja na haki na wajibu wa wazazi kumwongoza. Uhuru huo unapungua nguvu pale ambapo sahani ya chakula na somo la dini vinatolewa katika chumba kimoja na kwa saa zile zile.

Atatokea wa kutuuliza: je, Uislamu nao hautoi mali kwa ajili ya kuzivuta nyoyo? Ni kweli kwamba miongoni mwa makundi manane ya wanaopewa zaka, yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba, wamo wanaozoweshwa nyoyo zao. Lakini waliopewa fungu hilo zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa watu wazima, wengi wao vigogo wa makabila, wanaojua wanachokipokea na wanachokiacha. Hakuwa mtoto mwenye njaa. Ama kuhusu mwenye njaa, Surat Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Allah peke yake bila kutaka malipo wala shukurani, na mateka wa zama zile alikuwa ni mtu wa dini nyingine. Tena imepokewa kwamba baadhi ya Waislamu walipozuia sadaka zao kwa jamaa wasiosilimu, iliteremka aya ya 272 ya Surat Al-Baqara kuwafahamisha kwamba uongofu uko mkononi mwa Allah na kwamba wao watoe tu. Hiyo ndiyo mizani yetu. Tunawapimia wengine kwayo, na tunawajibika kupimwa kwayo.

Kasoro ya pili ni picha. Mtoto anawekwa hadharani kwa umaskini wake ili mtu wa mbali amchague miongoni mwa nyuso nyingi. Anajifunza mapema kwamba uso wake wa huzuni una thamani, na kwamba kuna mtu asiyemjua ambaye lazima amshukuru kwa maandishi. Dini yetu imeifadhilisha sadaka ya siri kwa sababu inalinda heshima ya anayepokea. Sheria ya nchi nayo imeanza kuliona jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu, na mtoto ni mtu.

Kasoro ya tatu ni kwamba bomba la mbali lina koki yake mbali. Mwezi Machi mwaka 2017 Compassion ililazimika kufunga kazi zake India baada ya serikali ya nchi hiyo kuizuia kuingiza fedha, na watoto zaidi ya 140,000 wakabaki bila ufadhili. Mwezi Januari mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na miradi mingi ya afya na ya watoto hapa Afrika Mashariki ikatikisika. Wasidhani wenzetu kwamba bomba la Kiarabu ni tofauti. Mwezi Januari mwaka 2004 tawi la Tanzania la taasisi ya Al-Haramain ya Saudi Arabia liliingizwa katika orodha ya vikwazo ya Marekani na ya Umoja wa Mataifa, na kazi zake hapa nchini zikafungwa. Wakubwa walikuwa wakigombana katika miji mikuu ya dunia. Aliyekosa chakula na mahali pa kusomea ni mtoto asiyejua hata jina la miji hiyo.

Na kwa kuwa tumezitaja taasisi zetu, tuseme pia kwamba kafala ya yatima inayotoka nchi za Ghuba mara nyingi hufuata mtindo ule ule wa picha, fomu na taarifa ya kila mwaka kwa mfadhili. Tena huwa ni ya yatima peke yake. Mtoto ambaye baba yake yuko hai lakini hana kazi, au ameitelekeza familia na kuhamia visiwani kuvua, hana cheti cha kifo cha kuambatanisha kwenye fomu. Huyo hana pa kwenda, na wa namna yake ni wengi katika mitaa hii.

KUMSEMEA MTOTO NI NINI?

Mashirika yale hupenda kusema kwamba yanawasemea watoto maskini. Ni neno zuri. Lakini Mwanza inajua vizuri namna mtoto anavyoweza kusemewa na kila mtu asipate kitu. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, ambayo hapa nchini tuliizoea kwa jina la Mapanki. Iliwaonyesha walimwengu minofu ya sangara ikisafirishwa kwenda Ulaya, mifupa na vichwa vikibaki kwa wenyeji, na watoto wa mitaani wa mji wetu wakilala nje. Mwaka 2006 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliikemea hadharani kwamba inaipaka nchi matope. Ukazuka ubishi mkubwa magazetini na bungeni juu ya heshima ya Mwanza. Waliotetea filamu walisema, na waliopinga filamu walisema. Watoto wenyewe waliendelea kulala nje huku wakubwa wakibishana juu ya picha yao.

Kumsemea mtoto ni kutaja haki yake na kutaja nani anadaiwa. Mji huu umewahi kuona mfano wa usemaji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliasisiwa hapa Mwanza taasisi ya Kuleana, ambayo ilizungumza kuhusu watoto wa mitaani kwa lugha ya haki na sheria badala ya lugha ya huruma. Baadaye, mwaka 2009, nchi ikapata Sheria ya Mtoto, inayoeleza wajibu wa mzazi, jamii na serikali kwa mtoto. Na katika ule Mkataba wa mwaka 1989, kifungu cha 20 kinachozungumzia mtoto aliyekosa malezi ya familia kinaitaja kafala ya sheria ya Kiislamu kwa jina lake. Dunia imeitambua kafala. Inasikitisha kuwa inajulikana zaidi katika makabrasha ya Umoja wa Mataifa kuliko katika daftari za kamati za misikiti.

Ndugu Waislamu, lugha hii ya haki ilisemwa Madina kabla ya mikataba yote hiyo. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) katika ukhalifa wake alikuwa akiwapangia posho kutoka Baitul Mal watoto walioachishwa ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara uliopiga kambi nje ya Madina, alisikia mtoto mchanga akilia bila kunyamaza. Akamwendea mama yake mara kwa mara kumhimiza amtunze. Mwishowe mama yule, bila kujua anazungumza na nani, alimweleza kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hampangii posho anayenyonya. Umar aliswalisha alfajiri ile akilia hata kisomo chake hakikueleweka vizuri kwa watu. Kisha akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atapangiwa posho tangu kuzaliwa kwake.

Katika kisa hicho hakuna picha ya mtoto. Hakuna barua ya shukurani, na mama yule hakuombwa afadhiliwe. Kiongozi alisikia kilio, akaulizia sababu, akaikuta sababu iko katika utaratibu wake mwenyewe, akaubadilisha utaratibu. Huko ndiko kumsemea mtoto kunakotambuliwa na dini yetu.

ZAKA YA MKUYUNI IKO WAPI?

Sasa tuwageukie wenye mali.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen, alimwelekeza kwamba zaka ya watu wa kule itolewe na matajiri wao na kurudi kwa mafukara wao wenyewe. Wanazuoni wengi wamefahamu kutokana na hilo kwamba mafukara wa mahali wana haki ya mwanzo katika zaka ya mahali hapo. Kwa hiyo mtoto fukara wa Mkuyuni hana haja ya mfadhili wa Texas wala wa Kuwait ndipo ale. Ana mdaiwa aliye karibu, huenda katika safu ya kwanza ya msikiti ule ule ambao mama yake anapita mbele yake kila siku.

Tupige hesabu ndogo, kwa mfano tu. Tuchukulie wafanyabiashara Waislamu kumi wa ukanda huu, wauza dagaa, wauza mabondo, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wenye malori. Tuchukulie kila mmoja ana bidhaa na fedha za kufikia shilingi milioni 100 baada ya kutoa madeni yake, na mwaka umepita juu ya mali hiyo. Zaka ni sehemu moja katika arobaini: milioni mbili na nusu kwa kila mmoja, milioni 25 kwa wote kumi. Tukikadiria kwamba mtoto mmoja anahitaji shilingi 250,000 kwa mwaka kwa sare, viatu, madaftari na mahitaji mengine ya shule, fedha hizo zinawatosha watoto 100. Ni wafanyabiashara kumi tu, na hatujawagusa wenye nyumba za kupangisha wala watumishi wenye akiba.

Ada ya shule, kama inavyojulikana, si mzigo mkubwa tena. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaendelea hadi kidato cha sita. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni viatu, daftari, chakula cha mchana na aibu ya sare iliyochanika. Haya ni mambo ambayo msikiti mmoja unaweza kuyamaliza.

Lakini zaka hailetwi. Wengine hawaitoi kabisa, na hao wakumbuke kwamba Sayyidna Abu Bakr (r.a.) aliwapiga vita waliozuia zaka huku wakiswali. Wengine huitoa kwa mtindo wa kupanga foleni ya mafukara mlangoni mwezi wa Ramadhani, kila mmoja akaondoka na noti moja na vumbi la kusukumana. Noti hiyo haimvushi mtoto hata wiki moja ya masomo. Foleni ile ni picha nyingine ya umaskini inayopigwa hadharani. Tofauti ni kwamba haisafiri kwenda Ulaya.

HISTORIA ISIGEUZWE KISINGIZIO

Wapo watakaojibu kwamba Waislamu wa nchi hii walidhoofishwa. Kwamba jumuiya ya EAMWS, iliyoanzishwa mwaka 1945 na iliyojenga shule na misikiti, ilipigwa marufuku mwaka 1968. Kwamba Februari mwaka 1992 Serikali ilitia saini Hati ya Makubaliano na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, kuhusu huduma za elimu na afya, huku Waislamu wakibaki nje. Hayo ni kweli. Yaandikwe, yafundishwe na yadaiwe majibu kwa njia za kisheria.

Hata hivyo tunauliza: amri gani ya mwaka 1968 inamzuia muuza mabondo wa leo kutoa zaka yake? Ni ibara gani ya makubaliano ya mwaka 1992 inayoukataza msikiti kupika uji wa madrasa? Dhulma iliyofanywa miaka zaidi ya hamsini iliyopita haimlazimishi mtoto wa leo kulala na njaa. Wenzetu wa Zanzibar wanayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kukusanya zaka na kuigawa. Sisi wa bara hatuna chombo cha serikali cha namna hiyo, na huenda tusikipate karibuni. Msikiti wenye kamati ya watu waaminifu na daftari la kurasa mia mbili unatosha kuanza.

TUNAYOYATAKA

Kwanza, kila msikiti wa Mkuyuni na mitaa jirani uwe na daftari la watoto wenye shida katika eneo lake. Liandikwe na watu wawili au watatu wanaotembea nyumba kwa nyumba, wakiwemo akina mama, kwa sababu wao ndio wanaojua sufuria ya nani haijawekwa motoni. Lisiwe na picha. Lisisomwe hadharani. Waandikwe wote, yatima na wasio yatima.

Pili, zaka ikusanywe na kamati na hesabu zake zisomwe kwa jamaa kila baada ya miezi mitatu: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, idadi ya watoto waliohudumiwa. Majina ya watoto yabaki ndani ya daftari. Mwenye mali ambaye haiamini kamati aingie ndani ya kamati ailinde amana, asitumie shaka yake kuwa hoja ya kutotoa.

Tatu, madrasa ziwe mahali ambapo mtoto anatamani kwenda. Pawe na uji siku za Jumamosi na Jumapili. Pawe na saa moja ya hisabati na Kiingereza baada ya Qur'ani. Wamo vijana wetu wa vyuo wasio na kazi ya kufanya siku hizo. Ustadh alipwe posho inayojulikana, asiachwe aishi kwa sarafu za Alhamisi za watoto wa maskini. Na fimbo zinazoacha alama katika miili ya watoto zikome. Hatuwezi kumsemea mtoto dhidi ya kanisa tukanyamaza anapoumizwa madrasa.

Nne, mtoto wa jirani asiye Muislamu asifukuzwe penye uji huo. Zaka ina wenyewe waliotajwa, na wanazuoni wengi wameihusisha na Waislamu. Lakini sadaka na wakfu mlango wake ni mpana. Alishwe, wala asidaiwe shahada wala kasida kwa ajili ya kikombe cha uji. Katika nyumba nyingi za Usukumani shangazi ni Mkristo na mpwa ni Muislamu, na majirani watatupima kwa hili.

Tano, viongozi wa misikiti waende kuzungumza na wachungaji wanaoendesha vituo, kwa heshima na bila makelele. Waombe mambo mawili tu: mzazi Muislamu aelezwe kwa maandishi kila kitakachofundishwa kabla ya kumwandikisha mwanawe, na mtoto wake aruhusiwe kutohudhuria vipindi vya dini bila kupoteza chakula wala matibabu. Ni maombi ya haki, na mwenye kutoa kwa ajili ya mtoto hana sababu ya kuyakataa. Akiyakataa, atakuwa ameeleza mwenyewe anatoa kwa ajili ya nini.

Sita, tusemee watoto mahali panapoamuliwa mambo. Vikao vya mtaa viko wazi. Ofisi ya kata ipo, afisa ustawi wa jamii yupo, kamati za shule zipo. Mtoto anaporudishwa nyumbani kwa mchango ambao mzazi hana, imamu au mjumbe wa kamati asimame mbele ya mwalimu mkuu aulize. Binti anapotaka kuozwa kwa sababu nyumba haina chakula, watu wa msikiti wafike wakiwa na gunia la unga, kisha ndipo watoe nasaha.

Ama mama yule mjane ambaye mwanawe ameshaandikishwa, asisemwe barazani wala asitengwe. Atembelewe. Apelekewe kwanza haki yake iliyo katika mali za Waislamu, tena kwa miezi mfululizo, mpaka aamini kwamba haitakatika. Hapo atakuwa na uhuru wa kuchagua, na mwanawe atapata nafasi madrasa.

Ijumaa ijayo lawama ile ya barazani itaanza tena, maana imezoeleka. Tunawaomba wasomaji wetu wamsikilize mwenye kuianza mpaka amalize, kisha wamuulize kwa upole: katika mtaa wako ni watoto wangapi wameandikwa katika daftari la msikiti, na zaka yako ya mwaka huu umeikabidhi kwa nani? Akiwa na jibu, wamfuate. Akiwa hana, wakae naye hapo hapo waanze kuliandika.

Tunamuomba Allah (s.w.) azifungue nyoyo za wenye mali, awahifadhi watoto wetu na watoto wa majirani zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomlea yatima na kuhimizana kumlisha maskini.

Wabillahi Tawfiq.